Umepata safari ya London? Uliza kwanza mwezi!

  

Leo tunapanda ndege. Kuna dada mmoja wa Sinza, muuza vitenge na mikoba, kaniandikia barua ndefu kama ya posa. Kadunduliza miaka miwili, mshiko wa tiketi umetimia, na kaka yake yuko London anamsubiri. Kasheshe ni kwamba hawezi kufunga duka zaidi ya siku kumi, na anajua safari kama hiyo kwake si ya kila mwaka. Kaka anasema njoo Krismasi uone mataa. Shoga yake anasema nenda Julai kwenye joto, Desemba utaganda kama samaki wa feri. Mchumba, ambaye hata haendi, naye kajitia mshauri: Januari, tiketi rahisi. Dada wa watu anauliza amsikilize nani. Kaongeza mambo mawili: yeye ni Arsenal wa damu, na anapenda kupiga picha kuliko kula.

Swali la maana hilo. Wengi wetu tukisikia "majuu" tunapata picha moja tu kichwani, ya mtu kavaa koti refu kasimama kando ya saa kubwa, na tunadhani ni vivyo hivyo mwaka mzima. Wapi! Ukienda London Desemba na ukienda Juni umekwenda miji miwili tofauti, na nauli umelipa moja.

Kwanza tuipindue kalenda. Sisi wa Dar, Desemba na Januari ndiyo joto la kulala kibarazani, feni inazunguka na jasho linashuka. Juni na Julai ndiyo tunavuta shuka. London ni kichwa chini miguu juu: Januari ndiyo baridi yenyewe, Julai ndiyo joto. Ndiyo maana yale maneno ya shuleni, kipupwe na kiangazi, yanawachanganya watu. Kipupwe cha kwetu ni Juni, kipindi ambacho Mzungu anavua shati bustanini.

Na baridi si tatizo kubwa kama watu wanavyotishana. Tatizo ni mwanga. Dar tuko karibu na ikweta, jua letu halina makuu. Liwahi au lichelewe, tofauti ya mwaka mzima haifiki saa nzima. London iko kaskazini, nyuzi 51 na nusu. Huko mwezi wa 12, karibu na tarehe 21, jua linachomoza saa mbili na dakika chache asubuhi na linazama saa kumi kasoro dakika saba. Alasiri hiyo! Yaani wewe mgeni umeamka saa nne kwa uchovu wa safari, umekunywa chai, umejipiga pamba, umefika mjini saa saba, umepiga picha tatu, giza. Kwa wenzetu Waislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne. Ukizubaa kidogo tu, moja imekupita.

Geuza sasa uende Juni, tarehe 21 hiyohiyo. Jua linachomoza saa kumi na dakika 43 alfajiri, linazama saa tatu na dakika 21 usiku. Nasema usiku kwa sababu saa yetu inasema usiku, lakini ukiangalia dirishani watoto bado wanacheza mpira. Mgeni wa kwetu anapata shida ya kulala, lakini kwa mpiga picha hiyo ni karibu mara mbili ya mwanga wa Desemba kwa nauli moja. Na ukumbuke wenzetu wanacheza na saa zao: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha. Kwa hiyo wakati wa joto tunawazidi saa mbili, wakati wa baridi saa tatu. Ukitaka kumpigia mchumba, piga hesabu kwanza, usije ukamwamsha saa tisa za usiku akadhani kuna msiba.

Turudi kwa kaka mtu na Krismasi yake. Mataa ni kweli yapo, na ni mazuri, sisemi uongo. Regent Street na Oxford Street zinawaka kama kumbi za harusi mia moja zilizopangwa mstari. Pale Trafalgar Square unasimamishwa mti mrefu unaotoka Norway. Kila mwaka tangu 1947 watu wa Oslo wanawapelekea Waingereza mti huo kuwashukuru kwa msaada wa wakati wa vita. Lakini kaka hakukwambia habari ya tarehe 25 yenyewe. Siku hiyo treni za chini ya ardhi hazitembei. Mabasi hayatembei. Maduka makubwa yamefungwa kwa sheria, iko sheria kabisa ya mwaka 2004. Sisi Krismasi ni siku ya kutoka, kwenda Coco Beach, kuvaa nguo mpya na kuuza sura. Wao ni siku ya kujifungia ndani na familia. Kama kaka yako hana gari, Krismasi yako utakula kwenye kochi mkitazama televisheni, na nje giza la saa kumi. Siku kumi unazo, moja imekwenda hivyo. Na nauli za katikati ya Desemba ndizo zinazopanda, maana kila Mswahili wa huko anataka kurudi kwao na kila wa huku anataka kwenda kwake.

Ila hapa kuna siri ya watoto wa mjini: mataa hayo hayasubiri Krismasi. Yanawashwa tangu Novemba. Kwa hiyo anayeyataka kwa dhati, na hajali giza, aende mwisho wa Novemba au wiki ya kwanza ya Desemba. Mataa ni yaleyale, treni zinatembea, maduka yako wazi. Tena giza la mapema kwa mataa ni dili, huna haja ya kusubiri saa mbili usiku ndipo upige picha.

Theluji? Hapo nawaharibia wengi ndoto. Ile ya kwenye sinema, ya watu kurushiana mabonge, London ni bahati nasibu. Baridi yao ya Desemba na Januari kwa kawaida inacheza kati ya nyuzi tatu na nane au tisa hivi. Mtu wa Makete aliyezoea umande ulioganda shambani hawezi kuilaani sana. Inayoumiza ni unyevu na upepo, na lile wingu la kijivu linalokaa wiki nzima kama mdai kodi. Na wale mnaokumbuka hadithi za ukungu mzito wa London, ule haukuwa ukungu wa Mungu. Ulikuwa moshi wa makaa ya mawe. Desemba 1952 ulitanda siku tano mfululizo na ukaua watu kwa maelfu, serikali yao ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Mambo hayo yamebaki kwenye vitabu.

Mvua nayo ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Mtashangaa, lakini Dar inapata mvua nyingi kuliko London. London kwa mwaka ni kama milimita 600, sisi tunapita 1,000. Tofauti ni kwamba yetu inashuka kwa hasira, Jangwani inajaa, kesho yake jua. Yao ni rasharasha. Inaanza asubuhi, inaacha, inaanza tena, huwezi kusema inanyesha wala huwezi kusema hainyeshi, na inafanya hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo kuchagua mwezi kwa kukimbia mvua ni kujisumbua. Beba mwavuli mdogo, basi.

Tuje kwa shoga na Julai. Shoga ana hoja. Bustani zimejaa, watu wanacheka barabarani, hata Mzungu mnuna anakusalimia. Kasri ya Buckingham inafungua vyumba vyake rasmi kwa wageni wakati wa joto, utaratibu ulioanza 1993 kutafuta fedha za kuitengeneza Windsor iliyoungua mwaka mmoja kabla. Na mwisho wa Agosti kuna kanivali ya Notting Hill, Jumapili na Jumatatu, ngoma za watu wa Karibiani barabarani, sahani za kuku wa kuchoma, vipaza sauti virefu kama nyumba. Anayependa kujirusha na apange safari yake kwa tarehe hizo tu, asisikilize ushauri mwingine wowote, hata wangu.

Lakini dada yangu wa Sinza, umesema wewe ni Arsenal. Julai hakuna ligi! Ligi Kuu ya Uingereza inaanza Agosti na kuisha Mei. Juni na Julai uwanja wa Emirates umelala. Utatembezwa, ni kweli, utaingia chumba cha kubadilishia nguo, utapiga picha na majani. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kwenda harusini siku ya pili kuangalia viti. Nimeona washikaji wanarudi na picha hizo wanajidai kinoma, ukiwauliza mechi gani, wanabadilisha mazungumzo.

Kingine cha Julai na Agosti ni bei na watu. Shule zao zinafungwa mwishoni mwa Julai hadi Septemba inapoanza, kila familia iko safarini, tiketi za ndege zinapaa. Na joto nalo usilidharau kwa kuwa wewe ni wa Dar. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo kule Heathrow kilipita nyuzi 40. Nyumba zao nyingi zimejengwa kuzuia joto lisitoke, feni ya darini hakuna, kiyoyozi hakuna, na ukishuka kwenye treni za chini za Central au Bakerloo utadhani umeingia daladala ya Mbagala iliyofunga madirisha. Tofauti ni kwamba huko hakuna anayegombana na konda.

Kwa anayefunga, na wasomaji wangu wa Kariakoo na Zanzibar hili linawahusu, angalieni na mwezi wa Ramadhani umeangukia wapi. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza Juni, Waislamu wa London walikuwa wanafunga saa 18 na zaidi. Miaka hii imerudi kwenye baridi, na saumu ya huko inafupika kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, futari saa kumi alasiri. Tangu 2023 wameanza kuweka na taa za Ramadhani pale karibu na Piccadilly, kwa hiyo mataa si ya Krismasi peke yake siku hizi.

Mchumba sasa. Januari na Februari, ukiondoa zile siku za mwaka mpya, kweli nauli hushuka na mji hauna msongamano. Ligi imepamba moto. Makumbusho makubwa hayana kiingilio: British Museum, National Gallery, Tate Modern, na lile la viumbe kule South Kensington ambalo watu wake walikuja kuchimba mifupa ya madubwana ya kale Tendaguru, Lindi, kati ya 1924 na 1931. Unaweza kushinda ndani siku nzima bila kutoa senti, nje kunyeshe kusinyeshe. Kwa mwanafunzi, au kwa mtu anayekwenda mara ya pili na shida yake ni mpira tu, Februari ni bomba. Lakini kwa safari ya kwanza, mwenye siku kumi na kamera? Mchumba kaangalia bei ya tiketi, hakuangalia bei ya siku. Siku ya Juni ina saa 16 na nusu za mwanga, ya mwanzo wa Januari ina nane tu. Gawanya nauli kwa saa za mwanga uone nani kalipa ghali.

Na kuna jambo ambalo wageni hatulisemi. Kaka yako analipia gesi au umeme wa kupasha nyumba moto, na mita inakimbia. Yeye kazoea kuvaa sweta mbili ndani na kuzima hita saa nne usiku. Wewe umetoka Sinza na miguu ya kandambili, utaiwasha asubuhi hadi jioni. Atanyamaza, ni kaka, lakini wifi atahesabu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. London jembe lenyewe ni hiyo bili.

Basi mimi nasema Mei. Na nasema Mei mapema, wiki mbili za kwanza. Jua linazama kati ya saa mbili na nusu na saa tatu usiku, unashiba mwanga. Mchana unafika nyuzi 17 au 18, Lushoto ya kawaida hiyo, unavaa kijaketi na bado unaonekana umependeza. Miti imechipua majani mapya, bustani za Kew na Regent's Park zimejaa maua, picha zenyewe zinajipiga. Shule hazijafungwa, kwa hiyo nauli haijapata kichaa cha Julai. Tena mwezi huo una Jumatatu mbili za mapumziko, ya kwanza na ya mwisho, kaka yako anaweza kukutembeza bila kuomba ruhusa kazini. Na ligi bado inachezwa! Ndiyo kwanza watu wanashikana mashati nani bingwa na nani anashuka daraja. Fainali ya Kombe la FA pale Wembley nayo kwa kawaida ni Mei.

Kuhusu tiketi ya mechi, sikiliza vizuri maana hapa ndipo vijana wanapolizwa. Tiketi za Arsenal zinakwenda kwa wanachama kwanza, kwa hiyo ama wewe ama kaka yako ajiandikishe mapema klabuni. Ukikutana na mtu anayekuuzia tiketi nje ya uwanja, kimbia. Kule kulangua tiketi za mpira ni kosa la jinai, si ujanja wa mjini, na tiketi yenyewe inaweza isifungue geti. Tena mechi zinahamishwa siku kwa ajili ya televisheni. Iliyoandikwa Jumamosi unaweza kuikuta Jumatatu usiku, kwa hiyo usipange kuondoka Jumapili kwa kuamini ratiba ya Agosti. Ukikosa kabisa, zipo njia mbili. Moja ni Arsenal ya kina dada, mabingwa wa Ulaya wa 2025, ambao siku hizi wanacheza mechi zao nyingi palepale Emirates na tiketi zao hazina kasheshe sana. Ya pili ni kumeza kiburi uende Craven Cottage kwa Fulham, uwanja wa zamani kando ya mto Thames, mzuri mno kwa picha. Najua, si Arsenal. Usimwambie mtu.

Mei ikishindikana, ngoja Septemba. Watoto wamerudi shule, joto limepoa bila kufa, ligi imeanza upya, na kuna siku katika mwezi huo ambapo majengo mengi ya mji yanayofungwa mwaka mzima yanafunguliwa bure kwa watu kuingia na kuangalia. Ubaya wake mmoja: kila wiki inayopita mwanga unapungua, ikifika Oktoba unauona kabisa unavyokimbia.

Sasa piga hesabu kurudi nyuma. Viza ya matembezi ya Uingereza huombwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, na majibu kwa kawaida ni wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa safari ya Mei mapema, fungua maombi Februari, usisubiri Aprili ukaanza kupiga watu simu na kulia. Ada hairudi ukinyimwa. Kwa hiyo karatasi za duka, leseni, taarifa za benki za miezi ya nyuma, zikae sawa. Wanataka kuona una sababu ya kurudi Sinza. Tiketi ya ndege usilipie kabla ya viza, hata kama wakala anakuapia kwamba ofa inaisha leo. Ndege ya moja kwa moja toka Dar hakuna, utapitia Doha, Addis, Istanbul, Nairobi au kwingine, na hapo ndipo bei zinapotofautiana, kwa hiyo ulinganishe.

Koti usinunue London. Nenda mitumba Karume asubuhi siku ya kufungua mabelo, uliza makoti ya baridi. Yanatoka hukohuko Ulaya, na kwa kuwa Dar hayana mnunuzi unaondoka nalo kwa bei ya kuku nusu. Kwa Mei chukua jepesi lisilopitisha maji, refu kidogo, rangi itakayotoka kwenye picha. Jeusi achana nalo, kila mtu kule kavaa jeusi.

Tukutane wiki ijayo, nina barua ya kijana wa Tabata aliyemkuta mkwe kwenye daladala akajifanya hamjui.